Magae Kifudifudi

"Mimi sitoki," alisema Josepha, na akayakalia mafiga. Si kwamba alikaa karibu nayo. Aliyakalia hasa, makalio juu ya jiwe moja, miguu ndani ya majivu, kama kuku anayeatamia. "Mwambie huyo tarishi aje aniondoe mwenyewe."

Veneranda, mkwe wake, alisimama mlangoni na chungu kibichi mikononi. Nje tarishi wa serikali alikuwa anapita nyumba hadi nyumba akirudia maneno yaleyale: malale yameua watu wengi, Mwingereza hataki tena mtu akae kwenye mapori ya mbung'o, wiki ijayo Ilomelo yote ihamie kijiji kipya kilichofyekwa upande wa Urambo, mwendo wa kutwa nzima. Na nyumba zitachomwa, zisije zikawavuta watu kurudi.

"Mayu, mama yangu, watatuchomea humu humu."

"Wachome! Mwanangu akija atakuta mifupa yangu, atajua nilimngoja."

Veneranda alikiweka chungu chini. Mwanawe Josepha ndiye mume wa Veneranda. Masolwa alikwenda Tanga kukata mkonge wakati binti yao Flavia bado ananyonya, na sasa Flavia alikuwa anakimbiza mbuzi. Salamu ya mwisho ililetwa na mtu aliyeshuka kwenye treni Tabora: Masolwa mzima, atarudi mvua zikianza. Basi. Atarudi, lakini wapi? Atarudi Ilomelo, kwa sababu ndiyo nyumbani anapopajua.

Na watu wa Ilomelo, wanaokaa kando ya njia ya zamani ya wapagazi, wana mwiko wao. Mke wa msafiri hahamishi mafiga. Moto unaweza kuzimika ukawashwa tena, lakini mawe matatu yabaki pale pale alipoyaacha mwenyewe. Njia ya msafiri, wanasema, huanzia jikoni kwake, ukiyang'oa umeikata. Lakini zaidi ya mwiko kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomnyima Veneranda usingizi. Katika nchi ile nyumba zilizochomwa zilikuwa na maana moja tu: wenyewe wamekufa kwa ugonjwa. Baba mdogo wa Masolwa alirudi kutoka Ujiji akakuta majivu, akalia, akageuza njia. Kumbe ndugu zake walihamia ng'ambo ya mto tu, wazima. Hakuonekana tena mpaka leo.

Jumapili katekista Hilari alisali na watu chini ya paa la nyasi lililokuwa kanisa lao. Hilari alikuwa mwembamba, lakini sauti yake ungedhani ya watu wawili. Siku ile alisoma habari za Lutu.

"Mungu akisema tokeni, tokeni!" alinguruma. "Mke wa Lutu aligeuka nyuma. Akawa nini?"

"Chumvi," wakajibu.

"Chumvi! Ndugu zangu, siku ya kuhama asigeuke mtu."

Watu walipotoka, Veneranda alibaki. Alimngoja Hilari amalize kufunga mkeka.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele, amina. Sema, mama Flavia. Naona uso huo hauna Jumapili."

"Mwalimu, yule mke wa Lutu. Alikuwa na mtu nyuma?"

Hilari aliukunjua tena mkeka, akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kunguruma. "Sijui," alisema mwishowe. "Biblia haisemi."

"Mimi ninaye. Nikienda bila kugeuka, nimemtupa. Nikibaki, nyumba inachomwa. Hebu nisaidie, maana hata udongo siku hizi haunisikii mkononi."

Katekista alikuna shingo. Naye alikuwa anaacha kaburi la mkewe Ilomelo, na hakumwambia mtu jinsi alivyokuwa anakwenda kulifagia kila alfajiri. "Shika habari ya Abrahamu," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Aliambiwa toka, akatoka, asijue aendako. Lakini kila alipotua alijenga altare ya mawe. Hakugeuka nyuma akalia. Ila alipopita palijulikana kuwa kuna mtu amepita."

"Kila alipotua?"

"Kila alipotua."

Veneranda alikwenda nyumbani mbio mbio, mpaka watu wakauliza kuna nini.

Nyuma ya nyumba ilikuwapo mitungi yake, kazi ya kiangazi kizima, imechomwa na kuiva vizuri, inangoja kupelekwa Urambo kuuzwa. Mitungi ya Veneranda ilijulikana. Shingoni ilizungukwa na mistari midogo ya mshazari aliyoichora kwa kipande cha kibuyu chenye meno, alichochongewa na Masolwa mwaka waliooana. Jino moja lilivunjika siku ile ile ya kwanza. Masolwa alitaka kuchonga kingine, Veneranda akakataa. Ndiyo maana katika kila mtungi wake mistari ile ilikuwa na pengo, kama mdomo wa mtoto anayeota meno, na Masolwa alikuwa akimtania, "Mitungi yako inanicheka."

Alichukua mtungi wa kwanza, akaugonga kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga mbele ya wanunuzi. Ukalia vizuri, ngo, mzima. Akaupiga kwenye jiwe.

Josepha alitoka jikoni, majivu yamemjaa miguuni. "Veneranda! Umerukwa na akili?"

Wa pili. Wa tatu. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, lakini mkono haukusimama. Aliokota vipande vya shingo peke yake, vile vyenye mistari na pengo, akavitia kikapuni.

"Mayu, mafiga hayang'oki. Yatabaki mahali pake, hata wakichoma nyumba, mawe hayaungui. Juu yake nitaweka gae la kwanza. La pili pale njia inapotokea kijijini. Na kila njia panda nitaweka jingine mpaka huko tuendako. Nitayalaza kifudifudi. Anayepita ataona kigae tu, ataacha. Mwenye kujua atafunua."

Josepha aliangalia kikapu, akaangalia mitungi iliyobaki. Kisha bibi yule aliyekuwa hatoki akanyanyua mtungi mkubwa kuliko yote, akautupa chini kwa nguvu zake zote. "Huu ulikuwa mzito, nisingeubeba," alisema, na sauti ikamkatika.

Siku ya kuhama moshi ulipanda nyuma yao kabla hawajafika mbali. Wanawake walikaza shingo, kila mmoja na mke wa Lutu wake kichwani. Josepha peke yake aligeuka, akasimama, akatazama mpaka aliporidhika. "Chumvi si kitu kibaya," alisema. "Mboga za huko tuendako mtaungia nini?" Watu wakacheka, ingawa wengine walikuwa wanalia. Veneranda hakugeuka. Kila njia panda aliinama, akalaza gae, akainuka akiangalia mbele.

Kijiji kipya kilikuwa mistari mitupu. Nyumba zimepangwa kama mihogo shambani, mlango wako unatazama mgongo wa mwenzio. Visiki bado vilitoa utomvu. Veneranda hakuweza kutulia. Aliamka kabla ya jogoo, alifagia palipofagiwa, alimwita Flavia bila kuwa na la kumwambia. Mawe ya kupikia hakutafuta, kwa kuwa mafiga yake yalikuwa Ilomelo. Alifinyanga madonge matatu ya tope na kupikia hapo, na yakipasuka alifinyanga mengine.

"Waswahili walisema mfinyanzi hulia gaeni," jirani yake Bertila alimtania. "Huyu wetu amezidi, anapikia topeni!"

"Ni ya muda," Veneranda alijibu. "Mwenyewe akija nitapikia mawe."

"Na asipokuja?"

Veneranda alichukua mtungi. Alikwenda kuchota maji, ingawa nyumbani yalikuwapo.

Mvua ya kwanza ilinyesha, ikafuatwa na ya pili. Wanaume wengine wa mkonge walirudi, waliotoka vijiji visivyohamishwa. Masolwa hakuonekana. Jioni moja Josepha alisema, bila kuuinua uso kutoka kwenye karanga alizokuwa anabangua, "Labda mbuzi wameyakanyaga magae," na Veneranda alitamani kumziba mdomo.

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe dogo na mtungi wa maji ya kunywa. Udongo wa kijiji kipya ulikuwa mchanga mtupu, haushikani. Udongo mzuri ulikuwa kwenye bonde, nusu ya njia ya kwenda Ilomelo, na huko hakuna aliyewakataza.

Gae la kwanza kutoka kijiji kipya alilikuta kifudifudi, limeshikwa na matope. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na nyasi mpya pembeni. Kila alipoinama alijiambia hili la mwisho, narudi, na kila mara miguu ilimkatalia.

Akafika bondeni, pale njia ya kutoka Ilomelo inapogawanyika, moja ikienda kijiji kipya na nyingine ikishuka mtoni. Akasimama.

Gae lilikuwa chali.

Mistari ilikuwa na matope mabichi, pengo linaonekana wazi. Labda ni mchungaji. Labda tumbili, hao nao hawana adabu. Alipiga magoti. Kando ya gae, mahali lilipokuwa limelala, palikuwa na alama yake kwenye udongo, na ndani ya alama hiyo sisimizi walikuwa wanakimbia huku na huku, kila mmoja na yai lake jeupe mdomoni, wanahama. Bado walikuwa wengi. Bado hawajamaliza; gae limefunuliwa sasa hivi.

Aliinua uso. Hapo mbele yake njia ya Ilomelo ilikuwa tupu, na yeye hakukutana na mtu alikotoka. Mke haiti jina la mume porini, na sauti yenyewe hakuwa nayo. Alishusha mtungi kichwani, akaukumbatia, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

Ngo.

Aliugonga tena. Nyuma yake, kutoka njia ya mtoni ambako hakuweka gae hata moja, mtu alikohoa.

Veneranda akageuka.