Hina Haipendi Feni

Tone la jasho lilimponyoka Mutheu kidevuni, likaangukia kiganja cha Sapna, bibi harusi wa kesho, na tausi wa hina aliyekuwa ametoka tu kumchora akapoteza mkia.

"Woi!" Mutheu alinyakua pamba. "Nisamehe, mami."

"Bibi harusi ni Sapna," Jashoda, mamake Sapna, alicheka kutoka kwa kochi. "Wewe ndio unaogopa?"

Nje kulikuwa na baridi ya Julai, na hata humo ndani, katika nyumba hiyo kubwa ya Membley, watu walijitanda shali. Moto ulikuwa wa Mutheu peke yake, ule wa hedhi kukoma. Ulimwanzia kifuani, ukampanda mpaka masikioni. Feni ilining'inia juu yao, imezimwa. Hina haipendi feni: ikikauka haraka haikolei, na bibi harusi wa hina iliyopauka husemwa.

Kwa miaka miwili vidonge vya homoni vilikuwa vimeuzima moto huo. Mkono ulitulia. Usingizi ulirudi, ukaja na hamu, ambayo Mutheu hakumsimulia mtu. Kaleli, mumewe, akitoka kazini alianza kuimba akiwa bado langoni kwao Ngoingwa, maana alijua anangojewa. Halafu mguu ukamvimba. Daktari wa Ruiru akasema ni damu imeganda. Vidonge hivyo asiviguse tena. Siku hizi Mutheu hulala upande wa ukutani, shuka kaitupa, na Kaleli huingia kimyakimya kama mgeni.

Jashoda aliinuka, akamwinamia. "Hii jasho naijua. Mimi pia ilinichoma." Akatoa kidonge mkobani. "Meza. Hii yangu ya ng'ambo, haina shida."

Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Mutheu alikishika. Akausikia wimbo wa Kaleli kama unakuja kutoka langoni kwao. Kimoja tu, nani angejua?

"Wewe ulivimba mguu, mama?"

"Mimi? Hapana."

"Mimi ulivimba. Ile damu ikipanda kwa mapafu, nimeisha." Alikirudisha kiganjani mwa Jashoda, akamkunja vidole juu yake, kimoja kimoja. "Lakini nakitaka. Mungu anajua vile nakitaka."

Moto ukapanda tena. Mutheu akashika kazi yake, jasho likimtiririka shingoni.

Sapna hakuweza kushika chochote. Viganja vyote viwili vilikuwa vibichi kwa hina. Akamsogelea, akakunja midomo, akaanza kumpulizia shingoni, polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.