Sikio la Mama Pindo

Nilipopewa usimamizi wa karakana ya sare za shule, nilikuta mashine ishirini na mafundi ishirini. Niliyetaka kumpunguza kazini ni mmoja: Mama Pindo, mshonaji wa mapindo ya sketi, mwenye miaka sitini na ushee, wa mwisho kwa kasi.

Asubuhi ya tatu nilimfuata nimwambie. Mashine zilinguruma hata sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri. Kabla sijafungua mdomo, aliinua kidole bila kugeuka.

"Mwanangu, ya nne kutoka dirishani inaruka mshono."

Nilidhani ananizuga. Nikaenda, nikaichukua sketi iliyokuwa ikishonwa, nikaivuta kidogo. Mshono wote ukaachia mikononi mwangu. Sindano ilikuwa imepinda kidogo mno. Mimi na fundi wake tulipoichomoa na kuiviringisha juu ya meza ndipo tukaona.

Nilirudi kwake nikinyata, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Umejuaje, mama?"

"Kila moja ina mlio wake. Nimekaa nazo miaka thelathini, inayoumwa naijua tu."

"Mbona hujawahi kusema?"

"Nilisema zamani. Msimamizi wa kwanza alicheka, nami nikanyamaza."

Yale niliyokuja kumwambia niliyaacha. Nilivuta stuli, nikakaa karibu yake, nikafumba macho. Kufikia saa ya chakula, katika ngurumo ile nzito, nilikuwa nimeanza kuitofautisha milio miwili.

"Miwili kwa siku moja," akasema akicheka. "Mimi ilinichukua wiki."