Sarafu Isiyovuta Mchele

Adventina alishuka stendi ya Bunda saa nne asubuhi, na tangu Musoma hakuwa na wasiwasi hata chembe. Hasira alikuwa nayo, tena ya kutosha. Mdogo wake Burito alikuwa ameichukua sarafu ya babu yao Ryoba sandukuni kwa mama, akaipeleka Nyasura, hapo hapo Bunda, kwa Makoye, mnunuzi wa vitu vya kale, aliyemwahidi milioni arobaini. Na kesho yake, kule Butiama, sarafu hiyo ndiyo ilikuwa ya kuzikwa.

Ryoba alikwenda vita vya Burma hakurudi. Kilichorudi, mkononi mwa askari mwenzake, ni sarafu aliyoipata akipita India: fedha tupu, iliyopigwa na mtawala wa Kutch, dola ndogo ya huko, mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Bintiye Pelagia, mama yao Adventina, alikuwa bado ananyonya. Sasa ana miaka themanini na ushee, na anataka kitu kimoja tu, baba yake apate kaburi kabla yeye hajaingia lake. Mwili haupo, basi kizikwe alichokishika.

Makoye alikuwa kibarazani kwake, watu wamemzunguka. Burito alipomwona dada yake aliinamisha kichwa. Adventina hakumgombeza, tamaa mbele, mauti nyuma, hayo angemwambia baadaye. Alisalimia vizuri, akavuta kiti, akaomba sarafu ipimwe pale pale, kila mtu aone. Ikifaulu, Makoye ainunue. Isipofaulu, airudishe.

"Hapo umenena, mama," Makoye alisema. "Rupia yenye mali huwaga inavuta mchele. Isiyovuta ni bati tu."

Adventina alifundisha fizikia miaka thelathini. Alijua hakuna sarafu duniani inayovuta mchele. Akaomba mchele uletwe.

Mchele ulimwagwa kwenye sahani. Makoye akaishusha sarafu polepole, akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia, jasho likimtoka. Hakuna punje iliyotikisika. Watu wakaangua kicheko, na dereva mmoja wa bodaboda akaenda kutangaza hadi sokoni kwamba rupia ya Burito ni takataka. Makoye akaitupa mapajani kwa Adventina kwa dharau.

Walipokuwa njiani kwenda Butiama, Burito alilia. Alisema amemwibia mama yake kwa ajili ya bati. Adventina akamwambia ukweli: ni fedha halisi, nayo ni adimu, na wakusanyaji wa sarafu wangeilipia vizuri, ingawa si kwa milioni arobaini. Burito akauliza mbona hakuyasema pale kibarazani.

"Ningesema, kaburi la babu lingekaa siku ngapi bila kufukuliwa?"

Kesho yake, padri alipomaliza sala, Burito ndiye aliyeshuka shimoni kuilaza sarafu. Pelagia aliegemea bega la binti yake, akatupa konzi ya udongo.

"Baba," alisema, "umefika."