Aliyekosa Mara Moja

Asubuhi hiyo Rawdha alikuwa amekaa jikoni na shangazi yake Mabrouka, wanapasua zeituni kwa jiwe, simu ikalia. Alikuwa Profesa Ksouri. Rawdha akaiangalia tu ikilia mpaka ikanyamaza.

"Pokea, mwanangu. Labda anakurudisha kazini."

"Acha ahangaike kwanza, shangazi."

Miezi saba nyuma, kwenye hospitali moja hapo Sfax, Profesa alianza kuchunguza dawa mpya ya kisukari. Wagonjwa tisini, kila mmoja apimwe mara nne, mara moja kwa mwezi. Hesabu ya tisini aliipiga Rawdha, mtakwimu wake: kwa watu hao, kama dawa inafanya kazi kweli, nafasi ya utafiti kuliona hilo ni nane kwa kumi. Watu wakipungua, utafiti unakuwa kipofu.

Sasa kipimo cha tatu kikaangukia Ramadhani. Rawdha, ambaye kuongea mbele za watu humtoa jasho, alijikaza akamwambia Profesa: "Wagonjwa hawatakubali kutobolewa kidole mchana, wanaogopa funga itaharibika. Tuwapime baada ya futari."

"Binti, sayansi haina Ramadhani."

Sayansi haikufunga, lakini wagonjwa walifunga. Hamsini na wawili hawakuja. Rawdha akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kila mmoja sababu, akaandika kwenye daftari lake la kijani: huyu alifunga, yule alikwenda Gabès kwa binti yake, huyu sukari ilipanda akaona aibu.

Profesa hakulitaka daftari. "Aliyekosa mara moja afutwe," alisema, "na vipimo vyake vyote." Wakabaki thelathini na wanane.

Shangazi Mabrouka naye alikuwa mmoja wa waliofutwa. "Mara tatu nimetoa damu yangu," alilalamika, "nikakosa moja tu. Kwani nimekufa?"

Wiki ile ile mama yake Rawdha akafariki. Rawdha akakosa kikao kimoja. Aliporudi alikuta jina lake limetolewa kwenye ripoti, limewekwa la Anouar, mpwa wa Profesa, ambaye hajawahi hata kushika karatasi ya mgonjwa. Profesa akacheka mbele ya wote: "Kanuni ni ile ile, binti. Aliyekosa mara moja afutwe."

Rawdha alichukua daftari lake akaondoka.

Simu ikalia tena. Safari hii akapokea, akaweka sauti kubwa ili shangazi asikie.

"Rawdha, binti yangu, hujambo?"

"Sijambo, Profesa."

"Wakaguzi wameirudisha ripoti. Wanasema kwa watu wachache hivi hatuwezi kujua kama dawa haifai au sisi ndio hatuoni. Wanataka wote tisini wahesabiwe, kwa vipimo walivyonavyo, na sababu za waliokosa. Mwisho leo saa kumi na moja jioni."

"Si yupo Anouar?"

"Anouar... hana zile sababu."

"Maskini! Azunguke nyumba kwa nyumba basi."

Shangazi akajiziba mdomo kwa kitambaa. Profesa akashusha sauti. "Unataka nini?"

"Nitakuandikia," Rawdha akasema, akakata.

"Mchinje," shangazi akanong'ona. "Mchinje polepole."

Rawdha akanawa mikono. Kwa kweli hesabu ya wote tisini, kwa nakala ya vipimo aliyobaki nayo, alikuwa ameshaimaliza tangu wiki iliyopita, na dawa ilionekana inafanya kazi wazi kabisa. Alikuwa anaisubiri simu hii tu. Akaandika:

"Hesabu iko tayari. Jina langu liwe la kwanza, la Anouar litoke. Na kwenye ripoti uandike mwenyewe: nilionywa kuhusu Ramadhani, nikapuuza. Ukikataa, usinitafute. Mimi nilishafutwa."

Akatuma. Alama mbili zikageuka buluu papo hapo. Amesoma.

Adhuhuri ikapita. Zeituni zikaisha, zikatiwa chumvi, mitungi ikafunikwa. Saa kumi na nusu shangazi akachungulia mlangoni.

"Kajibu?"

"Bado. Ana nusu saa."

Rawdha akaiegemeza simu kwenye mtungi, akavuta kiti mbele yake, akakaa.