Mazishi ya Samaki wa Karatasi

Sina haja ya kuficha: nilimwonea wivu Encarna. Ni mama wa miaka sabini na ushei, mjane kutoka Uhispania, nyumba yake imepakana na yetu hapa Quakers Hill, Sydney, na kosa lake kubwa ni kwamba binti yangu Naliaka alimpenda. Mimi ni nesi katika nyumba ya wazee. Tangu Korona ianze, zamu zangu hazikuwa na kichwa wala miguu, na mume wangu Wekesa alikuwa akirudi kutoka ghalani akiwa hoi. Kwa hiyo baada ya shule Naliaka alikaa kwa Encarna pamoja na watoto wengine wa mtaa. Walikula mkate wenye mafuta ya zeituni, wakaimba, wakahesabu, wakagombana, yote kwa Kihispania.

Kiswahili changu mtoto huyo alikisikia vizuri sana. Nikimwambia alete kiatu, kiatu kinaletwa, ila jibu linakuja kwa Kiingereza. Lakini akishavuka ua tu, ulimi unafunguka, anachapa Kihispania kama aliyezaliwa nacho. Naliaka alimwita Encarna abuela, yaani nyanya. Hapo ndipo roho iliponiuma. Nyanya alikuwa naye, kukhu wake wa damu, mama yangu mzazi, kule Kimilili.

Mama alifariki Agosti 2021. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, na Sydney yenyewe ilikuwa imefungiwa ndani. Tulimzika kwa Zoom, tumeketi kwenye kochi. Kule walizika haraka haraka, watu wachache, barakoa usoni. Binamu yangu aliyesimamia simu alizima sauti zetu sote tuliokuwa ng'ambo ili mahubiri yasikike. Dada zangu walizunguka jeneza mikono kichwani, wakiita "Mayi wee, mayi wee," mama, mama. Mimi nilikuwa kipicha kidogo pembeni mwa skrini. Naliaka alikaa kando yangu na tableti yake, kimya, macho makavu mwanzo hadi mwisho. Jambo hilo nililiweka moyoni. Nilisema, huyu ana nyanya mwingine, hana habari na mama yangu.

Basi mwishoni mwa Februari Encarna akaja kwenye ua na boksi la friji amelikata vipande. Akanieleza kwamba kwao, Jumatano ya Majivu, Kwaresma ikianza, watu humzika sadini. Samaki, ndiyo, jamaa ya dagaa. Wanamtengeneza kwa karatasi, wanamlaza kwenye jeneza, wanavaa nguo nyeusi na kumlilia barabarani kwa mzaha, kisha wanamzika, na raha za kanivali zinaishia hapo.

"The kids must know it, Rispah," akasema. "And Naliaka, she is the widow."

Nikatabasamu kwa meno tu.

"Mwanao sasa ni mjane wa samaki," nikamwambia Wekesa jioni.

Wekesa akacheka mpaka akakohoa. Huyu ndiye aliyetuchagulia Quakers Hill kwa sababu ya jina, akiamini mtaa mzima ni wa Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, kama kwetu, na hadi leo hajakutana na Quaker hata mmoja. "Acha mtoto acheze, Mama Naliaka. Si ni dagaa tu."

"Dagaa ataliliwa. Mama yangu, mjukuu wake hakumlilia."

Akaacha kucheka.

Jumatano hiyo niliomba ruhusa kazini. Nilisema nina mazishi, na sikudanganya. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta kosa. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, ikapumzika kidogo alasiri, na ua wa Encarna ulikuwa tope tupu. Kando ya mlimau walikuwa wamechimba shimo. Wazazi walikuwepo, majirani walikuwepo, hata yule mzee wa nyumba ya pembeni asiyesalimia mtu alikuja na tai nyeusi. Wote wamesimama bega kwa bega, hakuna aliyetazama kwenye skrini. Samaki amelala ndani ya boksi lake, magamba yake ya karatasi ya fedha, macho ya vifungo. Mama yangu hakupata watu hivi. Nikajikuta namwonea wivu hata huyo samaki.

Encarna akatoa leso nyeupe, akaanza, "Ay, mi sardina, pobrecita," ole wake sadini wangu, maskini. Watoto wakacheka, wakajipaka mate chini ya macho kuwa machozi. Kisha wakampisha mjane.

Naliaka alikuwa amejifunga kitambaa changu cheusi, kile kile nilichovaa siku ya Zoom. Akaweka mikono kichwani. Akaanza kulizunguka jeneza, anainama, anainuka, anainama, sawasawa na dada yangu mkubwa. Dada yangu aliita mayi. Naliaka hakuliiga neno hilo.

"Kukhu," akaita. "Kukhu wee. Kukhu."

Watoto wengine nao wakaweka mikono kichwani, wakamfuata, wote wakimwita kukhu yule samaki. Watu wazima wakapiga makofi. Mimi damu ilinichemka. Nilivuka tope, nikamshika mkono.

"Unamlilia samaki? Kukhu wako mwenyewe hukumlilia."

Akanitazama. Machozi yake hayakuwa ya mate.

"They muted us, Mum," akasema. "I pressed it and pressed it. It wouldn't let me."

Nilikumbuka kidole chake kwenye tableti siku ile, kikigonga, kikigonga. Nilidhani anacheza gemu. Kumbe mtoto alikuwa akitafuta sauti yake, na binamu yangu kule ametuzima sote.

"Abuela said here I can do it loud."

Encarna alikuwa amesimama nyuma yake, leso mkononi. "She told me your people cry better than us," akasema. "I said, good, show me."

Kwa hiyo Encarna alijua. Alikijua kilio cha mwanangu kabla yangu mimi niliyemzaa, na hilo nalo liliniuma, sitasema halikuniuma. Nilitaka kumchukua mtoto tuondoke zetu.

Lakini Naliaka alikuwa ameshainama. Alichota udongo mbichi kwa viganja viwili, akaujaza mkononi mwangu, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake vyenye tope.

"You go first," akasema. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, polepole, "Wewe ni mtoto wake."

Wakateremsha boksi shimoni. Nikautupa udongo, ukagonga kadibodi, na mlio ule niliujua, ingawa Agosti sikuwepo kuusikia. Nikaweka mikono kichwani. "Mayi wee," nikaita, na sauti ikatoka yote. Nikaanza kuzunguka shimo, mwanangu nyuma yangu, na Encarna akarudi hatua moja akanipisha.