Kahawa ya Ndyamukama

Miaka mitatu mizima Daktari Egbert alizunguka Karagwe akitafuta ugonjwa, na kila alipoukosa alisema vizuri, akaandika. Watu walimcheka. Walisema madaktari wengine wanafukuza maradhi, huyu anayapigia hodi. Kule Kiruruma bibi mmoja, Eustadia, alimwambia mbele ya watu, "Baba, kama kwetu haupo, si uuache huko huko ulikotoka?" Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka kidogo kwa adabu, akapanda baiskeli yake.

Hakuwa na wa kumweleza. Kwao ni Songea, mkewe alichoka kungoja akarudi kwa wazazi wake, na yeye Kinyambo, lugha ya huko, alijua salamu tu. Ugonjwa wenyewe ni ule unaokula utando wa mishipa ya fahamu. Leo jicho linaingia giza, baada ya mwezi linaona tena; kisha miguu inakufa ganzi, inapona nusu, inarudi kuumwa. Vitabu vya Ulaya vilisema ni maradhi ya nchi za baridi, huku kwetu hayapo. Egbert hakupenda kuambiwa hivyo na watu ambao hawajafika. Akataka aulize mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Na aliuliza. Byarugaba, mkalimani wake, alisimama mlangoni, akasalimu, "Agandi?" Mwenye nyumba akajibu, "Marungi," yaani habari ni njema. Je, kuna mgonjwa wa macho au wa miguu? Hakuna, wote wazima. Hapo kinaletwa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Daktari anaweka mkono kifuani, anashukuru, anasema moyo wake hauiwezi kahawa. Ukweli ni kwamba kikapu kilipita mikono mingi, naye alikuwa mtu wa kunawa. Anaandika: hakuna. Nyumba inayofuata. Byarugaba alilipwa kufasiri maneno. Kikapu hakuna aliyemwambia akifasiri.

Masika ya mwaka 1956 akawa amemaliza. Nyumba mia sita, mgonjwa hata mmoja hakuna. Akayafunga madaftari ya kazi yake kwa turubai, akaondoka peke yake kuelekea Murongo, avuke kwenda Uganda kwa walimu wake waliokuwa wakiyangoja. Mvua ikamkamata Kimuli. Akakimbilia nyumba ya kwanza aliyoiona migombani, ya Ndyamukama, ambaye alikwisha kumwandika zamani: wote wazima.

Daktari alikuwa anatetemeka kwa baridi. Kikapu kilipoletwa hakujali kimepita mikono ya nani. Akachukua punje mbili, akatafuna. Ndyamukama naye akatafuna, akatema maganda.

"Sasa daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "nina mgonjwa."

Ni dada yake, Yudesi, na aliugua tangu zamani. Mwaka ule daktari alipokuja alikuwa nyuma ya ukuta, anasikia yote.

"Mbona ulisema hakuna?"

Ndyamukama alimtazama kama anavyotazamwa mtoto wa wageni. Akaeleza kwamba mgeni hatupiwi shida mlangoni. Anaambiwa wazima, anakaa, mnatafuna pamoja, ndipo mnaambiana. "Wewe hukutafuna. Ningeanzia wapi?"

Yudesi alikuja akishikilia ukuta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, akamwamkia shikamoo. Akasimulia mwenyewe, naye kwa Kiswahili. Jicho la kulia lilizimika msimu mmoja wa kuvuna kahawa, likarudi. Miguu ikawa kama anakanyaga pamba. Akiinamisha shingo, anahisi kama siafu wanamshuka mgongoni. Akikaa karibu na moto macho yanafifia, kwa hiyo hapiki tena, na watu wa mumewe walimrudisha kwao. Egbert alimgusa kwa sindano, akamgonga magoti kwa kinyundo chake cha mpira. Aliyaona yote aliyoyasoma, moja baada ya jingine.

"Unaufahamu?" akauliza Yudesi.

"Naufahamu. Dawa yake sina."

Hakushtuka. Alikuwa na swali jingine, na lilionekana limekaa naye miaka. "Wenye ukoma wana kambi yao. Placida hapo jirani ana kifua, na wenye kifua wanajuana. Mimi, daktari, kuna mwenzangu?"

Turubai lilikuwa pale mapajani pake, na ndani yake zile "hakuna" zake mia sita. Angeweza kumsomea.

"Sijui," akasema. "Niliuliza vibaya. Nyumba zote hizo sikutafuna."

Yudesi alicheka, cheko fupi la mtu aliyesahau kidogo namna ya kucheka. "Basi huenda yupo."

"Huenda."

Mvua ilipokatika, daktari akafungiwa kahawa kwenye jani la mgomba. Yudesi alimwagiza kwamba akimkuta yeyote, ampe salamu zake, amwambie yupo Kimuli, kwa Ndyamukama.

Egbert alisukuma baiskeli hadi njia panda. Murongo ilikuwa mbele, na walimu wake ng'ambo. Alisimama pale kwenye tope muda mrefu, akihesabu umri wake na nyumba mia sita za kurudia. Kisha akaigeuza baiskeli. Kwenye nyumba ya kwanza alipiga hodi, akasalimu mwenyewe, akaambiwa wote wazima. Hakuandika kitu. Akakaa, akanyoosha mkono, akangoja kikapu.