Mafuta Kwenye Njia ya Kushoto

Kiatu hakikung'ang'ania.

Wendell Pruitt alirudi hatua moja, akakanyaga tena. Miaka ishirini na sita, kila asubuhi ya mashindano, alikuwa akiutembea uwanja wa mbio za magari wa Harlan Fork, Indiana, njia ya kulia kisha ya kushoto, na gundi ya kushikia matairi aliyoimwaga mwenyewe ilimvuta soli kwa mlio kama wa plasta inayobanduliwa. Hapa, kwenye njia ya kushoto, hatua thelathini kutoka mstari wa kuanzia, kiatu kiliteleza. Akainama, akapitisha kidole. Mafuta. Doa la ukubwa wa sahani.

Jana jioni halikuwepo. Angeapa.

Alinusa kidole asipate jibu. Spiriti ya kuchanganyia gundi ilikwisha kuiua pua yake zamani. Akatazama upande wa lango. Kwenye majani yenye umande palikuwa na alama za gari moja tu lililomtangulia: pikapu ya rafiki yake Royce Tackett.

Hilo ndilo lililomtia shaka. Royce hakuwa mtu wa kuwahi. Misimu miwili mfululizo gari lake jeusi, Challenger, lilishindwa na Mustang nyekundu ya Darlene Hobbs, muuza nyama wa mjini, na Jumamosi iliyopita alisema mbele ya watu kwamba mwaka huu Darlene atampita kwa muujiza tu. Sarafu ya kugawana njia ilikwisha kurushwa. Ya kushoto ilikuwa ya Darlene.

Kitambaa kilikuwa mkononi. Angefuta, yakaisha. Badala yake alikirudisha mfukoni, akaenda kumtafuta rafiki yake.

Alimkuta ameinamia injini, Darlene amesimama kando na kikombe cha kahawa.

"Nguvu za farasi mia nane za nini," Darlene alikuwa akisema, "kama kazi yao ni kukokota kabati la nguo? Gari lako zito kama kanisa."

"Kanisa likishashika mwendo, mama, nani wa kulizuia? Wewe tangulia tu. Mimi nakungoja mwishoni."

Mji mzima uliujua ubishi huo. Mustang ilikuwa nyepesi, ikichomoka mstarini kama mbegu ya chungwa iliyobanwa vidoleni. Challenger ilichelewa kuamka, lakini nusu ya pili ya robo maili ilikuwa yake.

"Royce," Wendell alisema, akimkazia macho. "Njia ya kushoto leo inashika kuliko ya kulia. Nimeitembea sasa hivi. Ningekuwa wewe, ningemwomba Darlene mbadilishane."

Akasubiri. Aliyemwaga mafuta yale asingeikubali njia ile. Alitaka kuona jicho likipepesa, mkono ukisita juu ya spana.

Royce alicheka. "Umesikia, Darlene? Mwenye njia kasema. Tubadilishane?"

"Chukua! Ukishindwa usisingizie njia. Mimi hata kwenye changarawe nakuchapa."

"Haya, kushoto. Asante, ndugu yangu."

Wendell aliondoka na hilo *ndugu yangu* likimwasha shingoni. Mwenye hatia, aliwaza, hujifanya mwepesi. Atapata kisingizio. Atasema breki, atasema pampu, na hapo nitakuwa nimemjua.

Saa tano injini ziliwashwa. Royce hakusema breki. Magari yalizungusha matairi papo hapo kuyapasha moto mpaka moshi mweupe ukafunika majukwaa. Royce hakusema pampu. Wendell alisimama ukutani, kitambaa kimekuwa donge kiganjani. Sasa, alijiambia. Sasa atazima. Challenger ilisogea mstarini. Taa ndogo ya juu, ya kuonyesha gari limefika mstarini, ikawaka. Kupitia kioo Royce alimwona, akamwinulia kidole gumba.

Wendell akakimbia.

Hakukumbuka alivyouruka ukuta. Alijikuta katikati ya njia, mikono juu, injini mbili zikimngurumia kifuani, mwanzisha mbio akimtukana kwa sauti yote.

"Zimeni! Kuna mafuta hapa!"

Ukimya ulipofika, Darlene alikuwa wa kwanza kupiga goti penye doa. Aligusa, akanusa. Kisha aliyafuata matone, madogo kama dengu, moja hapa, jingine kule, yakivuka njia mpaka nje, mpaka chini ya trekta ambalo Wendell huburutia matairi ya kulaza gundi. Jana, baada ya kuukagua uwanja, alivuka nalo kwenda kuliegesha. Mpira wa kupitishia mafuta ulikuwa umechanika shingoni.

"Wendell," Darlene alisema taratibu, "ni trekta lako."

Royce alikuwa amevua helmeti. "Doa umeliona saa ngapi?"

Wendell alikirudisha kitambaa mfukoni.

"Nakuuliza. Uliponiambia nichukue kushoto, ulikuwa umeshaliona?"

"Ulikuja mapema, Royce. Wewe huji mapema."

"Sikupata usingizi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nina miaka hamsini na nane, na nilikosa usingizi kwa ajili ya mbio, kama mtoto. Ulidhani nini?"

"Ningekusimamisha. Nimekusimamisha."

"Ndiyo," Royce alisema. "Umenisimamisha."

Wendell alisafisha peke yake, kwa magoti: unga wa kunyonya mafuta, spiriti, gundi mpya, kisha moto wa kukaushia. Hakuna aliyemharakisha, hakuna aliyemsemesha. Alipomaliza alisema njia ni safi. Royce hakumtazama.

"Darlene, hebu ikanyage wewe."

Darlene akaitembea, kwenda na kurudi. "Safi."

Mbio zilikwenda kama zilivyotabiriwa na kila mtu. Mustang ilichomoka, ikaacha nafasi ya gari zima. Kisha ile nyeusi ikaamka, sauti yake ikashuka na kuwa nzito, ikaanza kuila ile nafasi kidogo kidogo, bawa la nyuma, mlango, taa za mbele, mpaka ubao ulipowaka: sekunde tisa nukta saba moja kwa Darlene, tisa nukta saba sifuri kwa Royce. Royce alikuwa ameshinda. Majukwaa yaliinuka. Wendell naye aliinua mikono, kisha akaishusha.

Alasiri Royce alilipandisha gari kwenye trela. Kuifunga mikanda ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande. Wendell akaja akasimama mahali pake, upande wa abiria, kama alivyosimama miaka yote. Royce alirusha mkanda juu ya gurudumu.

"Darlene," aliita, "njoo unishikie upande huo."

Darlene akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mkanda ulining'inia juu ya tairi, ukiyumba kidogo kwa upepo, na hakuna aliyenyoosha mkono.